Swali la mume wangu lililonivurugia tovuti

Usiku ule nilikuwa nimekaa mezani sebuleni, laptopu mbele yangu, chai imeshapoa kwenye kikombe, najiona nimemaliza kazi. Kumbe ndiyo kwanza naanza. Mume wangu akatoka chumbani kajifunga shuka, akasimama nyuma ya kiti changu, akaiangalia ile picha kubwa niliyoiweka juu kabisa ya ukurasa wa mwanzo, kisha akaniuliza swali la maneno manne tu: "Hapa wewe ulifanya nini?"

Tukanuniana siku tatu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nikiishia hapo utadhani nimeolewa na mtu mkorofi, na sivyo kabisa.

Mimi ni dizaina. Nembo, pakiti za bidhaa, kalenda, vipeperushi, mabango, hayo ndiyo mambo yangu. Nilifanya kazi kwenye kampuni moja ya matangazo hapa Dar miaka 11, na mwaka jana kampuni ikapunguza watu. Nikaitwa ofisini, nikapewa bahasha na maneno mazuri, kibarua kikawa kimeota nyasi. Si unajua tena mjini: ada ya mtoto haisubiri, na tulikuwa na nyumba yetu Tegeta iliyofika kwenye linta ikasimama.

Kila niliyemweleza alisema jambo lile lile, "Dada, si ufungue ya kwako?" Kufungua si tatizo. Tatizo kila mteja anakwambia, "Naomba nione kazi zako." Mimi kazi zangu nilikuwa nazituma kwa WhatsApp, picha moja moja, zinafika zimefifia na zimechanganyika na za ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Siku moja nikamtumia meneja wa hoteli picha ya mume wangu yuko Coco Beach na bukta, anang'ang'ana na mshikaki. Meneja akajibu kwa adabu, "Asante, nimeona." Kazi sikupata. Siku hiyo nikasema lazima niwe na tovuti yangu, yaani mtu akiuliza nampa jina moja tu la kuandika, anaziona kazi zangu na jinsi ya kunipata.

Mume wangu ni mkaguzi wa hesabu. Nilipomwomba shilingi 450,000 kutoka kwenye akiba yetu ya pamoja, ile ya mabati, hakukataa. Alisema tu, "Sawa mke wangu, ila nitataka kuona imefanya nini." Mimi nikasikia "sawa" tu. Yale mengine niliyaacha yapite.

Basi bwana, nikaanza, na nikaanza vibaya. Wiki nzima ya kwanza niliitumia kuchagua rangi ya bluu. Nilikuwa na bluu 5, nazilinganisha asubuhi na jioni kama mtu anayechagua kitambaa cha sendoff. Sijaandika hata sentensi moja. Sijui naweka kazi zipi. Sijajiuliza nani ataifungua hiyo tovuti na anatafuta nini. Lakini bluu ninayo.

Kilichonizindua ni CD ya zamani. Mwaka 2009, nikiwa chuo, nilitengeneza tovuti yangu ya kwanza kwa Flash. Nani asiyekumbuka mambo ya Flash? Ua waridi linafunguka, jina langu linazunguka, muziki unapiga, mgeni anasubiri dakika nzima kabla hajaona chochote. Nikaitafuta hiyo CD kwenye begi la vyeti, nikaiweka, ikagoma. Nikakumbuka kwamba Steve Jobs aliandika barua ya wazi Aprili 2010 kueleza kwa nini simu za iPhone hazitaikubali Flash, na Adobe wenyewe waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Kazi yangu ya miezi 4 ilikuwa imebaki kisahani cha kuwekea kikombe. Nikaifunga laptopu. Nikachukua daftari la hesabu la mwanangu, lile la vimraba, na penseli.

Hapo ndipo mpango ulipokuja, na ulikuja kwa njia ya kanga. Nilikuwa nimejitanda kanga, nikaiangalia. Kanga ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno ya chini. Jina ni moja tu. Hakuna kanga yenye majina matano, na mtu akiwa mbali huona mji na pindo kwanza, akisogea ndipo anasoma jina. Nikachora ukurasa wa mwanzo hivyo hivyo: pindo ndiyo sehemu ya juu na chini yenye jina langu na namba ya simu, mji ni picha ya kazi moja kubwa, na jina ni sentensi moja inayosema nafanya nini. Sentensi hiyo moja ilinichukua siku 2. Nilitaka kuandika "huduma bora za ubunifu wa kisasa", nikaona hayo hata anayeuza makochi anaweza kuyaandika. Mwisho nikaandika: "Ninatengeneza pakiti na nembo za bidhaa zinazouzwa dukani." Basi. Baadhi ya marafiki zangu wa fani waliniambia nimejibana. Kwa kweli nilitaka kujibana.

Halafu ikaja kazi ya kuchagua. Nilikuwa na kazi 71. Mwenzangu, kama na wewe ni dizaina, najua utataka ziingie zote, maana kila moja ulikesha nayo. Lakini ukitundika kadi za harusi utaletewa kadi za harusi. Mimi nimetengeneza kadi za michango nyingi kuliko nywele zangu, za ndugu, za majirani, za mabosi, nyingi kwa malipo ya "tutakuona". Na kadi zenyewe ukizisoma vizuri zina majina na namba za simu za mwenyekiti wa kamati, katibu, mweka hazina. Unawezaje kuzianika hadharani namba za watu, wakati tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi? Nikazitoa zote.

Wifi yangu akapata habari. Sijui nani alimwambia, ila nahisi nimeolewa naye. "Yaani wifi, kadi yangu ilikuwa mbaya kiasi hicho?" Nikamweleza habari za namba za simu na sheria. Akasema, "Si uzifute namba?" Nikakosa jibu. Akanuna.

Nikabaki na kazi 9. Na ya kwanza, ile iliyokaa katikati ya mji, ilikuwa pakiti ya viungo vya chai.

Niwaambie habari za hiyo pakiti, kwa sababu ndiyo iliyoleta kizaazaa chote. Mteja alikuwa mfanyabiashara mdogo, anafungasha viungo vya chai kwenye vipakiti vinavyoning'inia dukani. Pakiti yake ya zamani ilikuwa ya kahawia na birika linalofuka moshi. Ukienda dukani unakuta pakiti nne za kahawia, mabirika manne, moshi mara nne. Sasa maduka yetu ya mtaani unayajua, duka la Mangi lina wavu mbele. Mnunuzi anasimama nje, bidhaa ziko ndani kwenye kamba na rafu, hatua kadhaa kutoka machoni pake. Hashiki kitu, hageuzi nyuma asome. Anaonyesha kwa kidole, "Nipe ile." Kwa hiyo pakiti inatakiwa iwe na kitu kimoja ambacho mtu anaweza kukitaja akiwa nje ya wavu.

Tulichapa sampuli kwa printa ya ofisi, tukazikata na mkasi, tukazikunja, tukaomba Mangi mmoja wa Mwenge azitundike kwenye kamba yake. Tukavuka barabara kuziangalia kwa mbali. Mangi alikosa raha kabisa, akidhani tumetoka TRA. Sampuli 2 za kwanza zilipotea machoni. Ya tatu ilionekana mpaka ng'ambo: kijani kibichi na waridi. Mteja akaikubali, na baada ya miezi michache watu mtaani wakawa wanaiita "ile ya kijani". Niliipenda pakiti ile kuliko kazi zangu zote.

Sasa mume wangu anauliza, "Hapa wewe ulifanya nini?"

Nikamjibu, "Nimeitengeneza."

"Yote?"

"Ndiyo, yote. Kwani vipi?"

"Na huo mchoro wa karafuu?"

Nikanyamaza. Akavuta kiti, akakaa. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, ilikuwa ile sauti ya kazini. "Mkaguzi haulizi kama kitu kinapendeza, mke wangu. Anauliza stakabadhi iko wapi. Mimi nakumbuka uliniambia kuna kijana alichora."

Alikuwepo kijana. Alikuja ofisini kwetu fildi kwa miezi 3, mpole, anatoka Pemba. Mimi nilikuwa nimeanza kuchora karafuu kama wengi wa bara tunavyozijua, vile vimisumari vyeusi vya ndani ya kopo. Akapita nyuma yangu, akasimama, akasema taratibu, "Dada, karafuu ikiwa mtini haina rangi hiyo." Wao huko wanachuma kwa mkono, vishada vizima, kabla ua halijafunguka, na wakati huo kikonyo ni kijani na vichwa vimeanza kupiga waridi. Weusi unakuja baada ya kuanikwa juani. Akachukua penseli, akachora kishada kimoja kwa muda ambao mimi ningekuwa bado natafuta picha ya kunakili. Mimi nikachukua kijani chake na waridi lake, nikavipeleka kwenye pakiti nzima.

Kwa hiyo ile rangi iliyoonekana mpaka ng'ambo ya barabara, ile iliyoipa pakiti jina mtaani, ilitoka utotoni mwa mtu mwingine. Fildi yake ilipoisha alipewa barua ya uthibitisho na nauli. Kwenye uwasilishaji kwa mteja nilisimama mimi, nikasema "nilifanya", "niliamua", "niliona". Hakuna aliyenituma nimnyime. Sikumkumbuka tu.

Nikamwambia mume wangu hajui jinsi kazi zetu zinavyokwenda. Kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimsimamia, kwamba dizaina anayeongoza ndiye mwenye kazi, kwamba kila mtu anafanya hivyo. Akasikiliza. Kisha akasema neno lililonichoma: "Si ni wewe uliyelia kutoka Posta mpaka Tegeta?"

Hilo nalo nilieleze. Miaka kadhaa nyuma bosi wangu alisimama mbele ya wageni na kuitaja nembo niliyoichora mimi kuwa ni kazi yake. Nilikuwa nimekaa meza ya nyuma, nashika soda. Usiku ule mume wangu aliendesha gari na mimi nikalia njia nzima, Selander, Mwenge, Lugalo, mpaka nyumbani. Aliniambia wakati ule, "Ipo siku utaweka jina lako mwenyewe." Sasa siku imefika, naweka jina langu, na yeye ananikumbusha hayo! Nikaifunga laptopu kwa kishindo, nikaenda kulala.

Siku 3 zile nyumba ilikuwa kimya kama ofisi ya serikali Jumamosi. Mtoto akawa mjumbe. "Mwambie baba chai iko mezani." "Mama, baba anasema asante." Usiku kila mtu kageukia ukuta wake. Nilikuwa na hasira naye, ila usiku wa pili nikagundua hasira ile ilikuwa na sababu mbili, na moja ilikuwa kwamba amesema kweli.

Nikamkumbuka Mzee Francis Kanyasu, yule aliyejulikana kama Ngosha. Bila shaka unakumbuka mwaka 2017 habari zake zilivyosambaa: mzee anaishi kwa shida Buguruni, anasema yeye ndiye aliyechora Nembo ya Taifa. Alifariki Mei mwaka huo huo. Wapo wanaomtaja yeye, wapo wanaomtaja Jeremiah Kabati, na ubishi ule sina uwezo wa kuumaliza kutoka kitandani kwangu. Lakini fikiria: mchoro ulioko kwenye noti, kwenye pasipoti, ukutani kwa kila ofisi ya umma, na watu bado wanabishana nani alishika penseli. Nilipozisikia habari zile nilisikitika sana, nikazungumza sana ofisini, nikasema nchi hii haiwajali wabunifu. Mwaka huo huo sisi tulikuwa na vijana wa fildi wawili na jina la hata mmoja wao silikumbuki.

Asubuhi ya siku ya nne nikampigia yule kijana. Namba ilikuwepo kwenye kundi la zamani la ofisi. Nilijiandaa kwa hotuba ndefu, nikaishia kusema, "Mdogo wangu, natengeneza tovuti yangu, nataka kuiweka ile pakiti ya viungo, na nataka niandike jina lako kwenye mchoro. Unaniruhusu?"

Akacheka kidogo. "Dada, mimi mwenzio nimeshaiweka kwenye faili langu tangu mwaka juzi. Na jina lako lipo hapo. Nimeandika mpangilio na rangi vimesimamiwa na wewe."

Msomaji wangu, nilikaa chini. Huyu kijana ambaye nilikuwa nimemfuta amekuwa akinibeba mimi kwenye faili lake la plastiki, anazunguka nalo mjini kutafuta kazi. Nikamwomba radhi. Akasema, "Hamna shida dada, ila asante." Ule "ila asante" ndio uliokaa kichwani.

Jioni nikamwekea mume wangu chakula, nikakaa mbele yake badala ya kwenda chumbani. Nikamwambia nimempigia. Hakusema "si nilikwambia", na kwa hilo namshukuru mpaka leo, maana angesema ningemwagia mchuzi. Alisema tu, "Haya, lete hiyo laptopu tukague zote 9."

Tulikaa mpaka saa 7 usiku. Kila kazi, swali lile lile, na mimi najibu. Hii nembo, nilichora mwenyewe toka mwanzo. Hii kalenda, picha alipiga mwingine, mimi nilipanga. Hili bango, maneno yaliandikwa na mwandishi wetu wa matangazo, na bila yale maneno bango ni ukuta wa rangi. Chini ya kila kazi tukaweka mistari michache: mteja alikuwa na shida gani, mimi nilifanya nini, nani mwingine alifanya nini. Kazi 2 tukazitoa kabisa, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa kwamba nilibadilisha saizi tu. Zikabaki 7. Cha ajabu, nilipomaliza, zile 7 zilinipendeza kuliko zile 9. Nilijiona ni mimi.

Tukagusa na suala la ruhusa. Mkataba wangu wa zamani ulisema kazi nilizozifanya pale ni mali ya kampuni, jambo la kawaida kwa walioajiriwa, kwa hiyo usiwe mjinga ukaanika tu, soma mkataba wako. Lakini Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, ambayo ni kitu tofauti na haki ya kuiuza kazi. Nikawaandikia ofisi ya zamani kuomba kuzionyesha. Wakakubali zote kasoro moja. Nikaitoa, zikabaki 6. Roho iliniuma, ila ndiyo hivyo.

Kuitengeneza kwenyewe hakukuwa na hadithi ndefu. Nilichukua kiolezo rahisi, nikasajili jina linaloishia na .co.tz, nikaandika kwa Kiswahili kwanza na Kiingereza pembeni kwa wale wateja wa mashirika. Violezo vingi vimekatwa kwa vipimo vya Kiingereza, kwa hiyo kitufe kikikaa vizuri na neno fupi, ukiandika "Wasiliana nami" kinamwaga maneno nje. Na fonti moja niliyoipenda ilikuwa inapindua ile alama ya ng', nikaiacha kwa uchungu.

Mkaguzi wangu akarudi kazini. Aliifungua tovuti kwenye simu yake, ile ndogo yenye kioo kilichopasuka, akiwa kwenye mwendokasi. Akanitumia ujumbe: "Nimefika Magomeni bado sijaona kitu." Kumbe picha ya kwanza peke yake ilikuwa megabaiti 6. Mimi nilikuwa naiangalia nyumbani kwenye kioo kikubwa, najisifu. Wateja wangu wengi wako kama yeye, simu mkononi na bando la kuhesabu. Nikapunguza kila picha isizidi upana wa pikseli 1,600 na uzito wa kilobaiti 200. Siku iliyofuata akaandika: "Imefunguka kabla sijakaa."

Kilichobaki ni namba ya simu. Hapa tulibishana kidogo, ila kwa amani. Mimi nilitaka kuweka namba yangu, yeye hakutaka namba ya mkewe iwe hewani kila mtu anapiga saa 5 usiku. Nilitaka kukasirika, kisha nikakumbuka wateja wawili watatu wa zamani ambao baada ya nembo walitaka na chakula cha jioni. Tukanunua laini nyingine. Inazimwa saa 12 jioni, na hilo limeandikwa kwenye tovuti. Sikutegemea, lakini laini ile imetupa jioni zetu kuliko ushauri wowote wa ndoa niliowahi kupewa jikoni.

Wiki 3 simu haikuita. Nilikuwa naichaji tu. Mume wangu hakuuliza habari za mabati, lakini nilimwona siku moja anasimama kwenye ile nyumba isiyo na paa, anaangalia juu.

Halafu ikaita. Mama mmoja wa Tanga, anasindika viungo na asali. Ameiona ile pakiti, amesoma mpaka chini. Akasema, "Dada, mimi namtaka huyo aliyechora karafuu. Unaweza kunipa namba yake?"

Nilinyamaza. Nisikudanganye, nilihesabu. Nilihesabu ada, nilihesabu bati moja moja. Mume wangu alikuwa sebuleni ananyoosha shati, pasi ikasimama. Nikasema, "Shika kalamu, mama," nikamtajia.

Akaandika, akarudia, kisha akaniuliza, "Na wewe hasa unafanya nini?" Nikamwambia mimi ndiye ninayehakikisha pakiti yako inaonekana mtu akiwa amesimama nje ya wavu. Akasema haya, atafikiria. Akakata.

Siku 6 baadaye kijana akanipigia. Kazi amepata, ya pakiti 4, na amemwambia yule mama kwamba mchoro bila mpangilio hauendi dukani. Bei yake alinitajia kwanza yeye, akaniuliza na ya kwangu ni ipi, nikamtajia. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kupitia ile tovuti, na kwenye ankara tumo wawili. Mkaguzi aliomba kuiona. Akaisoma, akairudisha, akasema, "Hii ina stakabadhi."

Mabati tumenunua nusu. Pakiti za Tanga nimeshaziweka kwenye tovuti, majina yote mawili yapo. Wifi yangu bado amenuna, na juzi ametuma ujumbe kuuliza kama kwenye tovuti hiyo kuna nafasi ndogo tu, hata kule chini kabisa, ya kadi moja isiyo na namba za simu.